Vidole Viwili

Kila asubuhi nililikuta limechuchumaa,
makalio mavumbini, pua juu,
kama mbwa anayesubiri mfupa.
Nawasha. Kompresa inakohoa chini ya mlango,
inakohoa, inakohoa, halafu gari linanyanyuka
shingo upande.
Jumanne halikunyanyuka.

Watu wa Nkuhungu wana huruma zao.
"Ulinunua gari," aliuliza Mama Mbeleje, ndoo kichwani,
"au ulinunua puto?"
Fundi wa Makole alinitajia bei;
nikamwomba airudie, nikidhani ametaja namba ya simu.

Basi Jumamosi: turubai, spana, soketi namba kumi,
na dada yangu Sechelela
asiyejua gari ila anajua kushika tochi
bila kuuliza zimebaki dakika ngapi.
Nilipiga jeki. Yeye akavingirisha mawe mawili,
akayasukuma chini ya chasisi.
"Jeki husahau," alisema.

Nikaingia kwa mgongo. Vumbi jekundu
lilikuwa limeniwahi, limekaa juu ya kila nati
kama mwenye nyumba.
Boliti ya kwanza ilikubali.
Ya pili ilitaka mafuta na maneno mazuri.
Ya tatu ilitaka maneno mengine,
na Sechelela, mwanakwaya, akajifanya ana kikohozi.

Bomba la hewa lilipochomoka lilisema fyuu:
pumzi fupi, isiyo na wosia.
Nikaipakata kifuani, nzito kama kichanga,
nyeusi, imeungua ubavu mmoja.
Nilipofungua kikombe chake, zile chembe nyeupe
za kunyonya unyevu zilikuwa zimegeuka ugoro.
"Unyevu gani," akauliza dada, "Dodoma hii?"
Tukacheka mpaka mwanga wa tochi ukatikisika.

Lakini haikufa kwa ugonjwa wake.
Nilipaka povu la sabuni ya kufulia kwenye mabomba,
na pale kwenye kiungo, nyuma ya gurudumu la kushoto,
povu likatoa jicho.
Likafumba. Likafumbua.
Tundu lisilopitisha hata sindano;
na yeye, miezi mingi kabla sijaona lolote,
alikuwa anaamka usiku kujaza kilichovuja,
anaamka kujaza,
na nani humshukuru, ikiwa asubuhi gari limesimama?

Kutoka chini niliona miguu tu ya dada yangu:
kandambili za bluu, kisigino kilichopasuka.
Ada yangu ya chuo. Ada ya Chedego.
Bati za mama kule Mvumi, jeneza la baba,
na simu zote za saa nne usiku
zinazoanza na "dada, samahani."
Nyumba yetu haijawahi kuchuchumaa.

"Mbona umenyamaza?"
Nikasema naomba soketi.

Mpya niliifunga saa kumi na moja.
Nikabadili na rilei,
maana ile ya zamani midomo yake ilikuwa imegandana,
haijui tena kusema imetosha.
Nikawasha. Ikavuma kama nyuki waliofungiwa chunguni,
na gari likapanda, taratibu,
kama mtu anayeinuka kanisani baada ya sala ndefu,
akiona aibu ya magoti yake.
Sechelela akapiga kigelegele kimoja, akaenda kunawa.

Usiku, kwenye ugali na mlenda,
nilimwambia mwezi huu asimtumie mtu hela.
"Nani atatuma?"
Nikasema mimi.
Akaniangalia kama fundi anavyomwangalia mteja
anayesema ni tatizo dogo tu.

Asubuhi nikatoka na kikombe cha chai,
nikapima kwa vidole, kutoka tairi hadi ukingo wa bodi.
Kulia, sawa na jana.
Kushoto, vidole viwili chini.

Nikarudi ndani kutafuta sabuni.